Maji Niliyoyameza Jumapili

Mwanangu Mutua,

Umeenda sokoni Gikomba kumkabidhi Otis kibanda, na Mama yuko sebuleni anapanga upya sanduku lililokwisha kupangwa jana. Nimepata nafasi. Kesho nyumba itajaa watu tangu asubuhi, na wanijua mimi nikiona watu wengi: sauti inatoroka, nabaki nimeshika sinia la chai kama mtu aliyetumwa na hakuambiwa kwa nani.

Usione binti wa kidato cha tatu amekukosea heshima kwa kukuita mwanangu. Wewe ndiwe uliyeanza. Nilipozaliwa ulinipa jina la mama yako, Kalondu, na tangu siku hiyo hujaniita kingine ila Mwaitu, mama yetu, kama Mkamba yeyote anavyomwita binti aliyebeba jina la mama yake. Nilipokataa uji ulisema, "Mwaitu, mbona mimi wangu ulinilazimisha kuunywa?" Nilipoleta ripoti mbaya ya hesabu, Mama alitaka uniadhibu, ukamwambia, "Nitamchapaje mamangu?" Naye Mama, ambaye kwao ni Bungoma na mambo yenu huyatazama kwa pembeni, hupenda kuwaambia majirani kwamba katika mtaa mzima wa Njiru yeye ndiye mwanamke pekee aliyemzaa mama mkwe wake.

Basi leo nataka kuutumia umama huo, kwa sababu kuna jambo ambalo mtoto hawezi kumwambia baba yake, lakini mama anaweza kumwambia mwanawe.

Sitakuandikia habari za soksi za sufu wala dawa ya kifua. Hayo Mama amekwisha kuyabandika ndani ya kifuniko cha sanduku, na aliyoyasahau atayasema njia nzima mpaka uwanja wa ndege. Langu ni moja tu, ni yale maji niliyoyameza Jumapili. Lakini siwezi kulifikia kwa mkato. Acha nizunguke kidogo, kama unavyozungukia bei mteja akikuuliza.

Unakumbuka ulipofungua ule mtumba? Nilikuwa shule ya msingi, likizo, nimekaa juu ya gunia nyuma ya kibanda nikisoma. Ulikuwa umenunua mtumba wa nguo za michezo, ukitarajia jezi na kaptura. Ukakata kamba, ukavuta, ikatoka ovaroli nyeusi ya mpira, nene, yenye mikono na miguu. Ukavuta tena, nyingine. Ukaendelea kuvuta mpaka mtumba ukaisha na jezi hata moja haikuonekana. Otis alisimama pale kwenye kibanda chake cha viatu akashika kiuno.

"Buda," akasema, "umeuziwa ngozi za nyangumi."

Ulizipanga, ukazitundika mbele kabisa kana kwamba ndizo ulizokuwa ukizitafuta maisha yako yote. Alasiri ikanyesha, na jamaa mmoja wa bodaboda akajibanza chini ya turubai lako huku akitiririka maji.

"Niaje mzae. Hii ni ya nini?"

"Ya mvua," ukasema papo hapo.

"Inashika maji?"

"Kwani wewe umeona bata akilowa?"

Akaijaribu palepale. Wewe na Otis mlimvuta kila mmoja mguu wake, mkamfunga zipu mbele hadi kooni. Alipotaka kusema kitu ikatoka sauti nyembamba, akasema, "Mzae, hii kitu inanibana naskia ni kama nimerudi kwaya ya Sunday school." Lakini aliinunua. Msimu ule wa mvua Kangundo Road ilijaa waendesha bodaboda waliovaa mpira mweusi, wakitembea wima kama watu waliofungwa plasta mwili mzima, zipu zao zote mbele.

Zipu hukaa mgongoni. Nilikuja kuliona hilo siku chache baadaye katika simu yako, kwenye video ya watu waliopanda mawimbi ya bahari juu ya mbao wamevaa mpira uleule, na sikusema. Kibanda kilikuwa na wateja. Nilisema moyoni nitamwambia jioni, na jioni nikaona aibu kwa nini sikusema mchana. Hivyo ndivyo aibu yangu inavyofanya kazi, mwanangu: ukiichelewesha inazaa. Ukazidi kuuza zipu mbele mpaka alipokuja yule kijana wa Pwani, anayefanya kazi penye shule ya kupanda mawimbi, akitafuta suti hizo za mpira za kuingilia baharini kwa bei nafuu. Akakukuta umevaa ya kwako hivyo. Alicheka hadi akakaa chini kwenye matope. Wewe ukacheka pamoja naye, ukaivua, ukaigeuza, ukamwambia, "Haya, nifundishe na mengine." Mimi ningelikuwa wewe ningehama Gikomba. Bado naona fahari nikikumbuka ulivyocheka.

Kutoka hapo mambo yakaenda mbio. Kijana akawa anakutumia suti zilizochanika, nawe unazishona kwa ule mshono wako usiotoboa mpira upande wa pili, kisha unapaka gundi. Morag, yule mama wa Uskoti, alipokuja Pwani kutembea, akavaa suti uliyoishona, akauliza ni mkono wa nani. Yeye ana karakana ya kukodisha na kushona suti hizo huko kwao, katika mji mdogo kaskazini kabisa, ambako nchi imekwisha na kilichobaki ni bahari.

Ulipojua kwamba mahali kama pale papo, tukaanza kupatazama. Mimi nikitoka shule napitia kibandani, tunainamia simu, nakufasiria Kiingereza kwa Kiswahili. Tuliona watu wakikanyaga theluji kwenda majini na mbao zao kwapani. Tuliona mzee mwenye barafu kwenye ndevu akitabasamu. Jua linawaka, kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai linafunikwa, inakuja mvua ya mawe, halafu jua tena, na watu wale wako majini tu wamekaa juu ya mbao zao wakingoja wimbi kama wenzetu wanavyongoja gari stejini.

"Hao wamekosa kazi," Otis akasema juu ya mabega yetu.

"Au wameipata," ukasema wewe. Kisha ukaniambia, "Mwaitu, hebu rudisha pale."

Pale ulipotaka nirudishe palikuwa ni palepale kila mara. Si pale wimbi linapoviringika, wala mtu anapoanguka. Ni pale mtu anapoacha kulala juu ya ubao, anasimama. Ulikuwa ukiangalia nyayo zake.

Sasa nakaribia lile ninaloliogopa.

Morag alipiga simu mara ya kwanza ukiwa unahudumia mteja, ukanipa mimi niongee naye. Unajua wangu ni Kiingereza cha darasani. Nakiandika vizuri, nakipenda hata, lakini kikitakiwa kupita mdomoni kinakwama. Alizungumza kwa haraka na kwa furaha. Alisema anataka uende ukamshonee huko, na kwamba pale kwake kila anayeshona suti lazima aingie majini pia, kila Jumamosi asubuhi, majira yote, kwa sababu huwezi kujua suti inavujia wapi mpaka uivae kwenye maji baridi. Kisha akaniuliza, "Baba yako anaogelea?"

Nikasema ndiyo.

Kusema hapana kungehitaji maelezo. Ningelazimika kusema kwamba umezaliwa upande wa Mwingi, mahali ambapo mto ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na kwamba Nairobi ulikuja kwa kazi, si kwa kuogelea. Hayo yote kwa Kiingereza, na mteja wako ananitazama. Ndiyo ilikuwa fupi. Uliponiuliza amesemaje, nikakuambia, "Anasema karibu."

Mazungumzo marefu vile, neno moja. Otis alisema Kiingereza ni lugha ya ajabu.

Ningelikuambia siku ile, ungelicheka ukampigia mwenyewe. Lakini nilikaa nalo. Nawe bila kujua ukajitia mwenyewe kwenye mafunzo, ukasema mtu hawezi kwenda kwa watu wa bahari hajui hata kuelea. Ndipo tukaenda kwenye lile bwawa la kuogelea, mwezi wa saba, Nairobi imevaa lile wingu lake la kijivu na maji yakiwa baridi mpaka watoto wanalia wakitiwa mguu. Ulivaa suti nene kuliko zote. Ulitaka kuizoea. Zipu nyuma, safari hii.

Sikuwahi kukueleza nilichokiona mimi, kwa sababu wewe ulikuwa ndani na mimi nilikuwa ukingoni na taulo. Kocha alikwenda kuongea na simu langoni. Wewe ulikuwa umesimama maji yakikufika kifuani. Ukajirusha mbele kama alivyokufundisha. Mpira ule unaelea, Baba. Miguu yako ikapanda juu kama vizibo, kichwa kikaenda chini, na ulipotaka kusimama miguu haikushuka. Ukawa unapiga maji kwa mikono, uso uko ndani. Waliokuwa karibu walidhani unafanya mazoezi. Watoto wawili walikucheka. Mmoja akasema, "Cheki buda anakunywa pool."

Nilijua. Nilijua mara moja, na sauti haikuja. Watu walikuwa wengi, wote wageni, na ndani yangu kulikuwa na kitu kinaniambia ngoja, labda atasimama, utajiaibisha. Kitu hicho ndicho kimekaa nami maisha yangu yote darasani, kanisani, dukani. Kilitaka ningoje na wewe uko chini ya maji.

Kilichotoka mwishowe si "Baba." Si "Saidieni." Nilipiga ukelele, "MUTUA!" Kwa sauti ambayo sijui ilikaa wapi mwilini mwangu. Nzito, ya mwanamke mkubwa aliyezoea kuita mtoto kutoka ng'ambo ya bonde. Bwawa zima likageuka. Kocha akatupa simu yake. Mimi nikajikuta majini na sketi ya shule, nimekushika chini ya kidevu, na wewe unakohoa na kucheka na kukohoa.

Njiani kurudi nyumbani uliniuliza, "Nani alikuwa akiniita vile?"

Nikasema, "Mimi."

Tulipofika sokoni ukasema, "Mara ya mwisho kuitwa vile nilikuwa nimepanda mwembe wa watu."

Mama hatukumwambia. Kwa wiki nzima ulitembea ukipiga chafya, naye akalaumu vumbi la Gikomba. Ulirudi bwawani, najua, na sasa unaweza kuelea chali na kupiga miguu toka upande mmoja wa maji mafupi hadi mwingine. Lakini mimi nilibaki palepale ukingoni na taulo.

Basi hayo ndiyo niliyokuja nayo Jumapili, siku tuliyokusanyika kukuaga.

Mama alipika tangu alfajiri, ndugu yako, Ami Kioko, akaleta muthokoi, yale mahindi yenu ya kukoboa na maharagwe, kwenye sufuria iliyofungwa kwa leso, na pasta akaomba ombi refu lililotaja ndege, rubani, mawingu na maofisa wote wa mipakani. Nilifikiri tumemaliza. Ndipo Ami Kioko akasimama akajifuta mdomo.

"Pasta, asante. Wewe umeongea na Mungu. Sasa mtu hatoki kwao bila mama yake kumtemea baraka. Mama yetu tulimzika. Lakini yupo." Akanigeukia. "Mwaitu, inuka."

Wote wakanitazama. Mama akanipa kikombe cha maji na jicho la "usituaibishe." Wewe ukaja ukapiga magoti mbele yangu, Baba, mtu mzima, umevaa shati lako la harusi za watu, ukanyoosha viganja. Nilijua la kufanya. Ami alinieleza mapema jikoni: funda moja, unalinyunyiza kwa midomo kwenye viganja, unasema enda, inatosha. Hata mtoto angeweza.

Nikatia maji mdomoni. Nikakutazama. Ulikuwa umeinamisha kichwa, nikaona utosi wako, na nywele zilikuwa zimelala kama zilivyolala siku ile nilipokutoa majini.

Nikayameza.

Kila mtu alisikia. Sijui kama kuna mtu amewahi kumeza kwa kelele kama ile. Pasta akakohoa. Otis, aliyezoea kusema kitu kila mahali, akatazama dari. Nikaweka kikombe mezani nikaingia jikoni, nikafunga mlango, nikasikia Ami Kioko akisema polepole, "Haya. Mama amekataa," na Mama akisema kwa haraka, "Hajakataa, ni aibu tu, mtoto huyu ana aibu, kuleni."

Mama alikosea, Ami ndiye aliyekuwa sahihi. Haikuwa aibu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu haikuwa aibu. Nilikataa. Mama gani amewahi kumwona mwanawe akizama kwenye maji ya kifuani, halafu akamwambia haya, nenda kwenye bahari ya barafu? Na ningesemaje enda, wakati mimi ndiye niliyekutangulizia ndiyo ya uongo kwa watu watakaokupeleka majini wakidhani unajua?

Wiki hii hukunisemesha juu ya hilo. Ulinipisha. Umekuwa ukinunua mkate ule ninaoupenda. Jana jioni ulipanda juu ya paa nilipokuwa nikianua nguo, ukachukua ncha ya pili ya shuka tukaikunja pamoja, tukikutana na kuachana, kama tulivyozoea.

"Mwaitu," ukasema, "usiponipa nitaenda tu. Tiketi ipo. Lakini nitaenda kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Nitakuwa nageukageuka."

Nikasema, "Kwani lazima uingie majini? Si ushone tu?"

Uliitazama shuka. "Unajua mama yangu alikuwa akichota maji wapi?"

"Mtoni."

"Mto gani? Ulikuwa ni mchanga. Alipiga magoti akachimba kwa kata mpaka akazama kiunoni, ndipo maji yanatokeza kidogo kidogo, ya rangi ya chai. Mimi nakaa juu namshikia mtungi. Nimekulia mahali maji tunayachimba kama viazi. Halafu naona kwenye simu kuna watu wameyapata mengi hivi kwamba wanasimama juu yake." Ukanipa ncha zako za shuka. "Siku moja tu. Nisimame. Hata nikianguka palepale."

Ulishuka. Mimi nilibaki na shuka kifuani.

Leo asubuhi Mama alipokwenda dukani nilichukua simu nikampigia Morag. Peke yangu. Niliandika kwanza maneno kwenye mkono kwa kalamu, halafu jasho likayafuta kabla hajapokea. Nikaongea hivyohivyo. Nikamwambia kwamba nilisema uongo, kwamba baba yangu haogelei, anaelea chali na kupiga miguu tu, kwamba hajawahi kuiona bahari kwa macho yake, kwamba nusura afe mbele yangu. Kiingereza changu kilitoka vibaya, vitenzi vikagongana, nikalia katikati, naye akangoja.

Kisha akasema mambo mengi, na safari hii nakufasiria yote.

Anasema asante kwa kumwambia. Anasema amekasirika kidogo, na ana haki. Anasema mtu ambaye hajui, akijulikana hajui, ni salama kuliko anayejua nusu. Anasema kuna pwani nyingine upande wa pili wa kilima, chini tambarare, ambako wanaanzia watoto na wazee, maji ya magotini, mawimbi yaliyokwisha kuvunjika yanayokuja kama povu la kufulia. Utaanzia hapo. Utakaa hapo hadi aseme yeye. Na kwanza utamaliza mafunzo ya kuogelea kwenye bwawa lao la ndani, lenye maji ya moto, alilolitaja kwa fahari kana kwamba ni mji mkuu. Hakuna mtu wa karakana yake anayeingia baharini peke yake. Alisema mara mbili, nami nikamwomba aseme ya tatu.

Nilimuuliza pia jinsi mtu anavyojua baridi imemzidi. Akasema usingoje kutetemeka. Tazama mkono wako: jaribu kugusanisha kidole gumba na kidole kidogo. Vikikataa kukutana, umekwisha kuchelewa kidogo, toka. Na ukiona maji yanakuvuta kwenda kilindini, usishindane nayo kurudi ulikotoka. Yakate kwa ubavu, sambamba na ufuo, mpaka yakuachie, na inua mkono juu, na uite.

Hapo kwenye kuita ndipo nina neno langu mwenyewe, si la Morag.

Wewe hujui aibu, mwanangu. Gikomba nzima unaisalimia kwa majina. Lakini huko utaijua. Utaingia chumba chenye watu wanaocheka, na utakuwa na mzaha mzuri kuliko wao wote, na hautapita mdomoni. Utasema "yes" mahali pa kusema "no" kwa sababu ni fupi. Mimi nimeishi katika chumba hicho, nakijua kila pembe, na sijui kama kuna mwingine wa kukufundisha. Tafuta mwingine aliyenyamaza. Yupo kila mara, na mara nyingi yuko karibu na birika. Kaa naye. Usijilazimishe kuchekesha wiki ya kwanza. Na usimfikirie anayenyamaza kuwa mjinga, hata akiwa ni wewe. Mimi huwa nafikiri hivyo juu yangu nikiwa kitandani, halafu asubuhi naona si kweli, lakini usiku huwa ni kweli kabisa.

Na ukihitaji msaada, usingoje sentensi iwe nzuri. Nilingoja mimi, pale ukingoni, nikitafuta neno linalofaa. Hakuna linalofaa. Ita kwa Kikamba ukitaka. Mtu anayezama anaeleweka kwa lugha zote, ilimradi atoe sauti.

Mengine niliyonayo ni madogo. Nitakukosa jioni kibandani, pale tulipokuwa tunainamia simu. Nimemwambia Otis nitakuwa nampitia hata hivyo, akasema, "Karibu, lakini mimi sitazami watu wakioga baridi, tutatazama mpira." Mama analia akifua, anadhani sabuni inamficha. Nitamtazama. Nitasoma. Darasani nimeanza kuinua mkono, si kila siku, lakini wiki hii nimeuinua, na mwalimu alishtuka kuliko mimi.

Kuna jambo sijaliacha: bado naogopa. Sikutaka udhani kwamba simu ya leo imenitoa hofu yote. Nilidhani baraka hutolewa na mtu aliyetulia, mzee, anayejua mambo yatakwendaje. Nikakaa nikamfikiria yule Kalondu mwingine ndani ya shimo lake la mchanga, na mtoto mdogo juu ukingoni ameshika mtungi. Siku uliyopanda basi kuja Nairobi ukiwa mdogo kuliko nilivyo mimi sasa, hakuwa na namba ya kumpigia mtu yeyote. Naye alikutemea maji, uliniambia mwenyewe, na maji yenyewe yalikuwa ya kuchimba. Sidhani alikuwa ametulia.

Kwa hiyo nakubali. Uende. Ushone suti zao zisivuje. Uanzie kwenye povu. Uanguke mara nyingi mahali pafupi. Mvua ya mawe ikikukuta majini uinamishe kichwa ipite, jua lao linarudi haraka. Na siku utakayosimama, hata kama ni kwa muda wa kupepesa jicho, usiangalie nyayo zako, Baba. Tazama mbele, Morag anasema ndiyo siri, lakini mimi nakuambia ni kwa sababu nataka uione hiyo nchi yote na maji yake. Mungu akutangulie, na mama zako wote wawili wakufuate.

Maneno hayo ilikuwa niyaseme kwa mdomo. Nimeyaandika kwa sababu nasikia geti la chini, na Mama anakuuliza kwa nini umechelewa, na Otis yuko nawe anajitetea kwa sauti ya juu, na viatu vyako viko kwenye ngazi. Barua nitaitia kwenye mfuko wa koti lako uisome ukiwa angani. Kikombe kiko hapa pembeni ya mkono wangu, na hakina kitu, kwa maana maji yote nimeshayaweka mdomoni. Naomba kimoyomoyo: ukifungua mlango usiniulize chochote, siwezi kujibu. Piga magoti hapohapo mlangoni, hata Otis akicheka, utoe mikono.